Mashine ya Kufyonza Vumbi Inapogoma

Mashine yetu ya kufyonza vumbi, ile isiyo na waya, ilianza kuunguruma na kuzimika, kuunguruma na kuzimika. Jirani alitushauri tuitupe. Sisi tulitazama kwanza chujio, kwa maana likijaa vumbi hewa haipiti, nayo mashine hujizima isije ikaungua. Tukalifua, tukalianika siku nzima; ugonjwa ukabaki palepale. Chaja nayo, tulipoipima, ilitoa volti zilizoandikwa juu yake.

Ikabaki betri. Ndani yake mna seli 6 za lithiamu, kila moja volti 4.2 ikijaa, jumla 25.2. Yetu, baada ya kujazwa umeme usiku kucha, ilionyesha 21 tu: pungufu kiasi cha seli moja kamili. Seli moja ikifa, kibao kinachozilinda hukata umeme wote.

Hapo tuliweka bisibisi chini. Seli ya lithiamu ikitobolewa yaweza kulipuka moto, na watoto walikuwa wamesimama karibu. Tunatafuta betri nyingine. (Kobalti ya betri nyingi huchimbwa kwetu, Kolwezi, lakini betri yenyewe hututokea ng'ambo, na bei yake si ndogo!) Kwa sasa tunafagia kwa ufagio.