Mizani za Meru na Fuji

Mwanafunzi wa Arusha aalikwapo Japani hufungiwa mzigo ule ule: kanga, kahawa ya Meru na ngoma moja ya kuwachezea wenyeji. Huko naye huvishwa yukata, akapigwa picha. Na mazungumzo, mara nyingi, huwa kwa Kiingereza, lugha isiyo ya mgeni wala ya mwenyeji. Hapo ndipo safari ipungukapo.

Maana ipo mali nyingine ya kubadilishana. Mjapani, kama Mswahili, hutunga kwa kuhesabu mizani. Haiku ni 5, 7 na 5. Mshororo wa shairi letu ni 16, nane kwa nane. Irabu ni tano kwao, tano kwetu. Litazame neno “mlima”: malenga hulipa mizani tatu, m-li-ma, kwani ile m husimama peke yake. Mjapani naye huitaja nchi yake Ni-ho-n, tatu vilevile, n ikijitegemea. Mwingereza angesikia mbili.

Chuo Kikuu cha Osaka hufundisha Kiswahili. Arusha nayo ina shule ya wasichana ya Sakura, iliyofunguliwa mwaka 2016 kwa msaada wa Wajapani; jina lake ni la ua walilolitungia mashairi tangu kale. Basi binti aliyekulia Nkoaranga, chini ya mlima uupitao Fuji kwa zaidi ya mita 700, na abebe hata ubeti kama huu, wenyeji wauhesabu naye kwa vidole:

Juu ya Meru
wingu limetulia;
buni yaiva.