Kung'oka na Kung'olewa

Mpwa wangu anasomesha fizikia katika skuli ya sekondari, na wanafunzi wake hulihifadhi somo kwa Kiingereza bila ya kufunuliwa maana yake. Aliniletea kurasa nne akasema, "Mjomba, nifasirie hizi. Nataka wafahamu, si wakariri tu." Fizikia sikuisoma darasani, niliyonayo nimeyaokota vitabuni. Hata hivyo, lililonikalisha juma zima si hesabu zake, bali kitenzi kimoja.

Habari yenyewe ni ya atomu ya haidrojeni, iliyo sahali kuliko zote: protoni moja, na elektroni moja iliyofungwa kwayo. Elektroni nyengine huja kutoka nje na kupita karibu. Zote mbili zina chaji hasi, kwa hiyo husukumana. Na ikiwa mgeni amekuja na nishati ya kutosha, atomu hubaki bila ya elektroni, ikaitwa ioni. Kiwango chake kinajulikana: elektronivolti 13.6. Akija na pungufu ya hapo, mgeni hawezi kumtoa mwenyeji aliyetulia mahala pake. Wala kasi kubwa mno haisaidii. Uwezekano huwa mkubwa zaidi nishati ifikapo kiasi cha mara nne ya kiwango hicho, kisha hupungua, maana mpita njia mwenye haraka hapati muda wa kumsukuma mtu.

Walimu huliita jambo hili mgongano. Neno hilo silipendi, kwani hapana kugusana kama ngalawa mbili bandarini. Lakini limekwisha kuzoeleka, nami nimeliacha.

Kitenzi ndicho kilichonitaabisha. Kuandika kuwa elektroni ya nje "huing'oa" ya ndani ni Kiswahili safi, chenye mtenda na mtendwa. Waama, mambo hayako hivyo. Tuseme mgeni ameingia na elektronivolti 20. Zikiondolewa 13.6, hubaki 6.4, na hizo hugawana elektroni mbili zinazotoka. Protoni, kwa uzito wake wa takriban mara 1836, huambulia kidogo sana. Huenda moja ikatoka na 5 na nyengine na 1.4. Ni ipi iliyokuja, na ni ipi iliyokuwapo? Wataalamu wengine huihesabu yenye kasi kuwa ndiye mgeni, lakini hiyo ni ada ya maandishi tu. Elektroni hazina alama. Mwaka 1969, huko Ujerumani Magharibi, Ehrhardt na wenzake waliweza kuzinasa kwa pamoja elektroni mbili zilizotoka katika atomu moja ya heliamu, wakapima pembe zake na nishati zake. Hata hapo, suali la nani ni nani halikujibika, kwa sababu kwa mujibu wa fizikia ya kwanta suali hilo halina jawabu.

Asidhani msomaji kuwa haya ni ushairi wangu. Kitenzi kiliwahi kuwasumbua mabingwa wenyewe. Mwaka 1914, mjini Berlin, Franck na Hertz walizipitisha elektroni katika mvuke wa zebaki, wakaona zinapoteza nishati zifikapo elektronivolti 4.9. Wakasema hapo ndipo elektroni ya zebaki inapong'olewa. Mwaka uliofuata Bohr akapinga: haijang'olewa, imepandishwa ngazi tu ndani ya atomu yake. Bohr ndiye aliyekuwa na haki. Kung'olewa hasa kwahitaji 10.4. Kipimo kilikuwa sahihi, na Franck na Hertz wakapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1925.

Lugha yetu ina njia. "Kung'olewa" kunamtaka mtenda hata asipotajwa. "Kung'oka" hakumtafuti, kama jino la mtoto linavyong'oka. Lakini hata "kung'oka" kunadai kujua ni ipi iliyokuwa imekaa. Mwisho nikaandika hivi: "Ilikuwamo moja, ikaja moja, sasa zimetoka mbili."

Mpwa wangu akaisoma, akanyamaza kidogo. "Mjomba, mtihani utauliza nishati imetoka kwa nani." Ana hoja: nishati ina mwenyewe ajulikanaye, na hesabu yake haina utata, ni elektroni tu zisizotambulikana. Tumekubaliana sentensi yangu ibaki, na chini yake iwekwe hesabu ya nishati. Neno "mgeni" amelikata kwa wino mwekundu kila lilipotokea. Kurasa mbili zilizobaki bado ziko kwake.