Kutoka Kibali cha Benki Kuu hadi Alama za Vidole

Mwaka 1984 baba wa mwandishi huyu, mpima ardhi wa serikali jijini Dar es Salaam, alipata ufadhili wa kusoma ITC, chuo cha upimaji na picha za anga kilichoko Enschede, mashariki mwa Uholanzi. Karo, malazi na posho vilikuwa juu ya Waholanzi. Tiketi nayo ililipiwa hukohuko, taarifa ikatumwa kwa teleksi, na ofisi ya shirika la ndege mjini Dar ikamwandikia karatasi zake. Juu yake kilibaki kitu kimoja tu: fedha za njiani. Hizo ndizo zilizomtoa jasho.

Siku hizo mtu hakuingia dukani akanunua dola. Fedha za kigeni zilikuwa mali ya taifa, zikisimamiwa na Benki Kuu, na mlango wa mwananchi wa kawaida ulikuwa tawi la Benki ya Taifa ya Biashara. Alijaza fomu, akaambatanisha barua ya mwajiri na nakala ya tiketi, akasubiri. Kwa bei ya serikali dola moja ilikuwa kama shilingi 17. Mtaani bei ilikuwa mara kadhaa ya hiyo. Lakini mtaani nani angethubutu? Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imeendesha msako mkubwa wa wahujumu uchumi, na noti ya kigeni iliyokutwa chini ya godoro ilitosha kumfikisha mtu mbele ya mahakama. Mtumishi wa umma mwenye watoto hakucheza na jambo hilo. Baba alisubiri kibali, na kilipotoka aliruhusiwa kiasi kidogo ambacho hakingemlaza hotelini hata siku chache.

Inafaa kusema wazi kwamba udhibiti ule haukuwa ukorofi wa karani. Vita vya Kagera vilikuwa vimeikausha hazina, mafuta yalikuwa ghali, kahawa na katani zilikuwa zimeshuka bei. Kila dola iliyotoka na msafiri ilikuwa dola isiyonunua dawa wala vipuri vya lori. Mwandishi huyu amekua akiwasikia watu wakiibeza miaka ile, na bado anaona kwamba wanaoibeza hawajaitazama hesabu yenyewe.

Mzigo halisi ulimwangukia mama. Yeye hakuwa na mfadhili, naye alitaka kumfuata mumewe kwa likizo. Shilingi zake alikuwa nazo, za mshahara wa ualimu na za upatu, lakini tiketi ya shirika la nje kwa shilingi ilihitaji kibali pia, kwa kuwa shirika lilitaka kuyapeleka mapato yake kwao, na njia ya kuyapeleka ilikuwa ileile ya Benki Kuu. Mwishowe baba alijibana kwenye posho yake, akalipa kwa gilda kulekule, na tiketi ikatolewa Dar kwa jina la mama. Familia nyingi zilisafiri kwa mtindo huo: anayelipa yuko Ulaya, anayepanda yuko nyumbani.

Tiketi yenyewe ilikuwa kijitabu chembamba chenye kuponi zenye kaboni nyekundu nyuma, moja kwa kila kipande cha safari. Karani wa uwanjani alichana yake, akakurudishia kilichobaki. Kukipoteza kijitabu kulikuwa kama kupoteza fedha taslimu. Halafu kulikuwa na sharti la kuthibitisha kurudi saa 72 kabla ya ndege kuondoka. Asiyepiga simu au kufika ofisini angeweza kukuta nafasi yake imeshagawiwa. Mama alifunga safari ya treni kwenda Amsterdam kwa ajili ya kugongewa muhuri wa uthibitisho tu.

Kuhusu usafiri wa kule, baba alikuwa na sifa moja aliyoirudia maisha yake yote. Waholanzi walikuwa na strippenkaart, ukanda wa karatasi wenye vipande vyenye namba, uliotumika katika mabasi na tramu za nchi nzima. Eneo moja lilikula vipande viwili, maeneo mawili vitatu, na kuendelea. Dereva alipiga muhuri, na kwa muda maalumu ungeweza kubadilisha basi bila kulipa tena. Kwa mtu aliyetoka kwenye foleni za mabasi ya UDA jijini Dar na kondakta anayedai hana chenji, karatasi moja kutambulika Enschede na Amsterdam lilikuwa jambo la kustaajabisha, na alilisimulia kwa heshima.

Mambo yaligeuka mwaka 1992. Sheria mpya ya fedha za kigeni ilipitishwa, na maduka ya kubadilishia fedha yakafunguliwa kwa idhini ya serikali hiyohiyo iliyokuwa ikiwasaka wenye dola. Mwandishi huyu, akiwa kijana, alipojiandaa kwenda Ulaya katikati ya miaka ya 1990, alitembea Mtaa wa Samora akilinganisha bei zilizoandikwa kwenye mbao za maduka hayo, akanunua mchana kweupe, akapewa risiti. Baba alimsindikiza. Aliishika ile risiti, akaisoma pande zote mbili, kisha akauliza, “Na barua ya mwajiri hawakutaka?”

“Hawakutaka, baba.”

Fedha nyingi alizibeba kwa hundi za wasafiri. Ulitia saini ya kwanza mbele ya mtu wa benki, ya pili mbele ya aliyekulipa, na saini zikifanana ulipata fedha. Orodha ya namba za hundi ilikaa mbali na hundi zenyewe, ili zikiibwa urudishiwe. Usalama ulikuwepo, ila kila kaunta ilikata kamisheni. Na kaunta zilikuwa nyingi, maana kila nchi ilikuwa na fedha yake: gilda Uholanzi, Deutschmark upande wa pili wa mpaka, faranga Ubelgiji. Sarafu kwa kawaida hazikubadilishwa, noti tu. Msafiri wa Enschede, Köln na Brussels alipoteza kidogo katika kila kituo bila kununua chochote.

Tarehe 1 Januari 2002 noti na sarafu za yuro ziliingia katika nchi 12, na hasara ile ikakoma. Gilda 2.20371 zilifanya yuro moja. Baba alikuwa na noti chache za gilda ndani ya kamusi yake. Benki kuu ya Uholanzi ilitangaza kwamba noti nyingi za aina hiyo zitapokelewa hadi 1 Januari 2032, wakati Ufaransa iliufunga mlango wa faranga zake Februari 2012.

Tiketi za karatasi nazo ziliagwa. Kuanzia 1 Juni 2008 mashirika ya ndege ya chama cha IATA yaliacha kuzitoa, na kijitabu chenye kuponi kikawa namba kwenye barua pepe. Mwaka huohuo M-Pesa iliingia Tanzania, baada ya kuanza Kenya mwaka mmoja kabla. Strippenkaart iliondolewa 2011 ikachukuliwa na kadi ya kielektroniki, na tangu 2023 abiria wa Uholanzi anaweza kugusa mashine kwa kadi yake ya kawaida ya benki akapanda treni, basi au tramu. Binti wa mwandishi, aliyekwenda Enschede kwa kozi fupi, alishuka Schiphol, akagusa kwa kadi ya benki ya Dar es Salaam, akapanda. Alimpigia babu yake simu ya video akiwa kituoni.

“Babu, hapa hakuna hata wa kumwonyesha tiketi.”

“Na chenji anakupa nani, mjukuu wangu?”

Lakini ugumu haukuisha, umehama. Baba alitafuta kibali cha kutoa fedha. Mjukuu wake anatakiwa kuthibitisha kwamba anazo, na kwamba atarudi. Kwa viza ya Schengen alipeleka taarifa ya benki ya miezi kadhaa, barua ya mwaliko, barua ya kazini, mahali pa kulala, na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Kutafuta miadi kulimchukua muda mrefu kuliko kutafuta ndege. Alitoa alama za vidole, utaratibu ulioanza Afrika Mashariki mwaka 2013. Ada, iliyokuwa yuro 60, ilipanda kuwa 80 mwaka 2020 na 90 Juni 2024, na anayekataliwa harudishiwi. Mwandishi huyu anaona hilo ni dhuluma. Kwa mwalimu wa sekondari wa Tanzania yuro 90 si fedha ya kuchezea, na kazi ya kukataa maombi haipaswi kugharimiwa na aliyekataliwa.

Ipo nafuu moja ambayo waombaji wengi hawaijui. Kanuni zilizoanza kutumika Februari 2020 zinaruhusu maombi kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari, badala ya mitatu ya zamani. Zinasema pia kwamba aliyepata viza tatu ndani ya miaka miwili na kuzitumia kihalali anaweza kupewa ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi, kisha ya miaka miwili, kisha mitano. Binti ameweka nakala za viza zake, mihuri ya kuingia na kutoka, na taarifa za benki kwenye faili moja, na ombi lake lijalo litaomba huo mwaka mmoja kwa kutaja kanuni hiyo.