Nondo Kama Ndege

Nyumbani kwetu ni Nakivale, walikoanza kupokewa wakimbizi mwaka 1958. Mama ana mipapai, na papai zake zikiuzwa Mbarara ndizo karo yangu. Likizo iliyopita, magharibi, tuliona kiumbe kikielea mbele ya ua, mabawa hayaonekani kwa kasi.

“Kaka, chozi huyo!” akasema mdogo wangu, akanyanyua ufagio. Nikamshika mkono. Alikuwa nondo: ana papasi kichwani na mrija mrefu wa kunyonyea.

Wataalamu walioichunguza mipapai ya Kenya waliandika mwaka 2009 kwamba hasa nondo wa jamii hii huchukua chavua toka mpapai dume mpaka jike. Pasipo chavua, papai hatuna.

Ndugu wasomaji, mgeni asifukuzwe kabla hajajulikana kazi yake.