Uluguru kwa ndege ndogo, begi lisizidi kilo 15

Ndege ndogo haina siri ya uzito. Kwenye jengo la kwanza la abiria, uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, begi linapimwa, na mara nyingine na mwenye begi anaombwa apande kwenye mizani. Mzigo kwa kawaida ni kilo 15 kwa mtu, tena begi liwe laini linalobonyea. Mama, usione haya. Rubani anahitaji hesabu hiyo ili ajue nani akae mbele, nani nyuma, na mzigo gani uwekwe chini.

Ndege zenyewe mara nyingi ni Cessna Caravan, injini moja, abiria kumi na wawili hivi. Kampuni kama Auric Air, iliyoanzishwa Mwanza mwaka 2001, na Safari Airlink hutumia aina hiyo. Chini ya tumbo lake kuna sanduku la mizigo, na viti vinaweza kung'olewa nafasi ikihitajika. Siku tuliyosafiri na binti yangu kwenda Mikumi, nyuma yetu kulikuwa na maboksi ya mboga za kambi ya watalii na tairi la gari, vyote vimefungwa kwa wavu. Nilimuuliza kijana wa mizigo karoti zimenunuliwa wapi. "Sokoni Ilala, dada." Nilicheka, kwa sababu karoti nyingi za Ilala hushuka kutoka Mgeta, milimani Uluguru. Zimeshuka kwa lori hadi Dar, sasa zinarudi juu ya milima yao kwa ndege.

Niseme ukweli kuhusu nauli: si ya familia nyingi. Sisi tulipata viti kwa bei nafuu kupitia wifi yangu anayepika kwenye kambi moja huko. Kwa Morogoro mjini, treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria Juni 2024 inafika chini ya saa mbili, na kwa nauli ya kiti kimoja cha ndege familia nzima ingekwenda na kurudi. Ukipata nafasi ya ndege, chagua ya asubuhi, kwani joto la mchana huitikisa. Mtoto mchanga mnyonyeshe wakati wa kupaa na kutua, masikio yasiume. Na aende haja kabla, maana ndani hakuna choo.

Baada ya kuvuka bonde la mto Ruvu milima ikatokea mbele, kisha ikabaki kulia kwetu. Vilele vya juu vinapita mita 2,600 na vilikuwa na wingu. Upande wa mashariki, unaopokea upepo wa bahari, ni kijani kizito. Huko ndiko Ruvu unakoanzia, na sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar hutoka mto huo. Msitu umekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, na kutoka juu mpaka unaonekana wazi: miti, halafu ghafla vishamba vya mboga vimepangana kama viraka. Binti aliuliza lipi ni la bibi. Sikuweza kumwonyesha.

Tulitua Kikoboga, ndani ya hifadhi ya Mikumi, chini ya saa moja tangu kuruka. Tulilala kwa wifi, kesho yake tukashika barabara ya Morogoro, tukachepuka Sangasanga, tukapita Mzumbe na Mlali, kisha gari likaanza kupanda. Nyandira kuna baridi ya sweta. Wanawake walikuwa wanashuka na matenga ya kabichi kichwani kutoka mashamba ambayo hata pikipiki haifiki. Hapo hakuna anayepimiwa kilo 15.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi ya ukoo hufuata huko huko. Kwa hiyo shamba la bibi, ngazi saba za njegere na karoti, linamwelekea binti huyu aliyezaliwa Temeke na hajawahi kushika jembe. Mjomba wangu anaona ni upuuzi. Anataka liuzwe sasa, bibi angali hai, pesa zigawanywe.

Aliyasema jioni ile mbele ya wote. Bibi hakumjibu. Alimvuta mjukuu karibu na moto.

"Ulipokuwa juu, uliuona msitu umefika wapi?"

"Umebaki huku juu tu, bibi. Chini yote ni mashamba."

"Zamani ulifika hapa mlangoni," alisema, kisha akamgeukia mjomba. "Atakayenunua atakata na ile miti ya juu ya chemchemi. Unalijua hilo."

Mjomba alikubali tu kwamba wasiuze kabla ya mavuno. Asubuhi binti alipewa jembe dogo, akalima nusu ngazi, akatoka malengelenge mikono yote miwili. Ameniambia likizo ya Desemba anarudi, kwa basi ikibidi.