Ukuta wa Ashwell

Kanisa la Mtakatifu Maria limesimama kijijini Ashwell, katika jimbo la Hertfordshire, Uingereza. Chini ya mnara wake, katika ukuta wa kaskazini, mna maneno ya Kilatini yaliyokwaruzwa kwa kitu chenye ncha. Aliyeyaandika hakujitaja. Alitaja mwaka 1350, akaomboleza kwamba waliosalia kushuhudia ni makapi ya watu tu. Tauni ilikuwa imeingia nchini mwaka 1348, nayo inakadiriwa kuangamiza kati ya thuluthi na nusu ya wakazi. Pameongezwa pia habari ya dhoruba ya siku ya Mtakatifu Maurus, mwaka 1361. Kwa hesabu ya leo, hiyo ni Januari 1362, kwani Waingereza wa zama hizo waliuanza mwaka tarehe 25 Machi. (Ole wake anakiliye tarehe asiulize kalenda!)

Huenda msomaji akauliza: mtu alithubutuje kuikwaruza nyumba ya Mungu? Swali hilo ni la zama zetu. Kwa desturi ya wakati huo, sehemu ya madhabahu ilikuwa jukumu la kasisi kuitengeneza, ilhali ukumbi wa waumini ulikuwa mzigo wa wanaparokia wenyewe. Aghalabu mtu huandika pale anapopahesabu kuwa pake.

Picha za rangi hazikubahatika hivyo. Kuanzia mwaka 1547, chini ya Mfalme Edward wa Sita, zilipakwa chokaa nchini kote. Huko Wenhaston, Suffolk, mbao za kale zilitupwa nje ya kanisa mwaka 1892. Mvua ikaosha chokaa, na picha ya Siku ya Kiyama ikajitokeza.

Hasara nyingine ililetwa na wapenzi wa makanisa. Katika karne ya 19 mafundi walibandua lipu za kale ili mawe yang'ae, na pamoja nazo wakabandua chochote kilichoandikwa juu yake. William Morris alichukizwa mno, na mwaka 1877 akaanzisha chama cha kuyahami majengo ya kale. Wasomi nao walichelewa: walisoma makaburi ya makabaila, mikwaruzo ya wanyonge wakaiona uchafu. Ni mwaka 2010 tu ambapo wakazi wa Norfolk walianza kuikagua mikwaruzo ya makanisa yao kwa utaratibu, wakiegemeza tochi ubavuni mwa ukuta, maana mwanga wa mbele hauonyeshi kitu.