Kwa Mwipwa Wangu Anayetaka Kukodi Pikipiki Ugenini

Likasi, Panda

Mwipwa wangu mpendwa,

Nkambo wako, mzee wetu, anakuulizia kila Jumapili. Mama yako ameniambia kwamba ukimaliza manunuzi yako Dar es Salaam utavuka kwenda Unguja siku chache, na huko unataka kukodi pikipiki uzunguke kisiwa. Sikukatazi, wewe ni mtu mzima. Lakini unajua kazi niliyozeekea katika karakana za kampuni ya migodi ya Gécamines hapa Panda. Fundi haachi ndugu yake apande chombo asichokijua bila kumwambia neno.

Neno lenyewe ni hili: ujuzi wako wa Likasi usikudanganye. Kwetu Kikula ukimgusa mtu kwa pikipiki, wazee wa pande mbili watakaa, mtaelewana. Kule huna mzee wa kukaa badala yako. Atakayekusemea ni karatasi.

Basi anza na karatasi kabla hujapita mpaka wa Kasumbalesa. Permis yako ya kuendesha ni ya Kifaransa, na polisi wa Tanzania halazimiki kuisoma. Tafuta permis ya kimataifa ungali nyumbani, maana hutolewa katika nchi iliyokupa permis ya kawaida. Nenda kaulize CONADEP, tume inayotoa permis, Lubumbashi. Ile ya mkataba wa Geneva wa usafiri wa barabarani wa 1949 hudumu mwaka 1, na haitoshi peke yake: tembea nazo zote mbili. Halafu tazama herufi. A ndiyo ya pikipiki. Ukiwa na B ya gari tu, hata kama unaendesha kuliko manseba wote, wale wa teksi za pikipiki, wa mjini, mbele ya sheria hujui kuendesha, na kampuni ya bima itakuwa imepata sababu ya kutokulipa. Zanzibar nayo ina kibali chake cha kuendesha kwa wageni. Wakodishaji wengi husaidia kukipata, lakini usiondoke mpaka uone jina lako limeandikwa juu yake.

Kuhusu bima, watu wengi wanajidanganya. Ile ya lazima kwa chombo ni ya mtu wa tatu: inamlipa uliyemgonga. Mguu wako ukivunjika haiujui, na pikipiki ya watu ikipondeka haiijui. Kwa hiyo muulize mwenye chombo mapema: ikiharibika au ikiibwa, nadaiwa kiasi gani? Jibu aliandike kwenye mkataba. Mali bila daftari hupotea bila habari. Akitaka dhamana, mpe fedha na uchukue risiti, au mwachie nakala ya pasipoti. Pasipoti yenyewe usimwachie. Mkigombana juu ya mkwaruzo mmoja, mwenye kushika pasipoti yako ndiye atakayepanga bei.

Usipokee funguo kabla ya kukagua. Linganisha namba ya fremu na ile iliyo kwenye kadi ya pikipiki, na namba ya usajili na ile ya bima. Bana breki ya mbele huku unasukuma: gurudumu lisigeuke. Fanya vivyo hivyo kwa ya nyuma. Tazama matairi kama bado yana meno, mnyororo kama haujalegea, mafuta ya injini, taa zote, honi na vioo. Kisha piga video ya kila mkwaruzo, mwenye chombo akiwa amesimama hapo. Kofia ya kichwani ikiwa imepasuka au inazunguka kichwani, ikatae. Ukibeba mtu, naye avae.

Sasa barabara. Kuanzia Zambia mpaka pwani, watu wanapita kushoto. Rwanda na Burundi wanapita kulia kama sisi, kwa hiyo safari yako ya Kigali haikukufundisha chochote juu ya hili. Mchana kwenye msongamano hutakosea, utafuata wenzako. Utakosea alfajiri barabara ikiwa tupu, unapotoka kituo cha mafuta au unapomaliza kukata kona: mwili utakuvuta kulia wenyewe. Kila unapowasha injini jiambie "kushoto" kwa sauti, hata wakikucheka. Kwenye kipilefti unazunguka kama mshale wa saa, na unampisha anayetoka kulia kwako. Penye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Usiku usiendeshe, na ukinywa hata chupa moja, funguo zilale.

Polisi akikusimamisha, simama, salimia, toa karatasi. Ukiwa na kosa, lipa kiserikali: kwa Tanzania bara utapewa namba ya malipo (control number), na pesa haziingii mkononi mwa mtu. Ikitokea ajali, usikimbie na usimalizane na mtu njiani. Piga 112, hudumia aliyeumia, kisha mwombe polisi PF3, ile fomu ya majeruhi ambayo hospitali za huko huulizia. Mwite na mwenye pikipiki. Na usiiingize pikipiki ya kukodi nchi nyingine. Forodha watakuuliza ni ya nani na umeipitishaje.

Ukifika, ukaona kimoja hakipo, kama kibali, breki au mkataba, usibembeleze. Mrudishie mwenyewe funguo, upande daladala. Nungwi utafika, Jambiani utafika, na hakuna atakayekudai kitu. Utakaporudi utaniambia kama bahari ya kule ni ya buluu kama wanavyosema, maana mimi bado sijaiona.

Mama yako anakukumbusha vile vitenge vyake. Usivisahau.

Ni mimi,
Mjomba wako